RO ya tangi la samaki mjini Tanga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa vifaa vya maji Ngamiani akikuonyesha mashine za RO, zile zinazosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi, uitwao membreni, atakuhesabia hatua za usafishaji: hii tano, hii sita, hii saba na ina taa ya kuua vijidudu. Kwa mtu anayefuga samaki wa mapambo hesabu hiyo haimsaidii kitu. Hatua ya sita mara nyingi ni katriji ya madini, na kazi yake ni kurudisha ndani ya maji kitu kilekile ulichotoa hela kukiondoa. Maswali ya maana ni matatu: maji ya nyumbani kwako yana chumvi kiasi gani, yana presha kiasi gani, na filta za mashine hii zikiisha utazipata wapi bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo.

Aina tunazozipima hapa ni zile zinazomfikia mkazi wa Tanga: mashine ya maji ya kunywa ya hatua tano inayofungwa chini ya sinki, kifaa kidogo cha kuning'iniza bombani, na mashine ya akwaria inayoagizwa nje, yenye rezini, yaani chembe zinazonasa chumvi iliyoponyoka membreni. Zile bapa za kisasa zisizo na tangi, za GPD (galoni kwa siku) 400 hadi 600, nazo zipo, lakini hazitachukua nafasi kubwa.

Kabla ya yote, huenda hata huihitaji. Mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa asitoe hata senti. Samaki wa Tanganyika kwao ni maji magumu yenye pH ya 8.6 hadi karibu 9. Ukiwapa maji ya RO itabidi ununue chumvi za kuyafanya magumu upya. Gapi na moli nao wanapenda maji magumu. RO inawafaa wenye diskasi, wanaozalisha neoni tetra, wenye kamba wadogo wa jamii ya Caridina, na wenye tangi la bahari.

Hao wa tangi la bahari wana bahati hapa Tanga ambayo mfugaji wa Dodoma hana. Chumvi ya pakiti si lazima. Maji yanatekwa baharini yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu, mbali na bandari na mbali na midomo ya Zigi na Mkulumuzi, yakiwa na chumvi karibu gramu 35 kwa lita. Lakini kinachopaa tangini kila siku ni maji baridi peke yake, chumvi inabaki. Ukifidia kwa maji ya bahari, chumvi inapanda wiki hadi wiki mpaka matumbawe yanajikunja. Hapo ndipo RO inapoingia. Na asikudanganye mtu kwamba mashine ya nyumbani itageuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Kuishinda tu nguvu ya chumvi ya bahari kunataka presha ya karibu psi 390, na mitambo ya kazi hiyo husukuma psi 800 na zaidi. Yako inafanya kazi kwenye 60.

Maji yako kwanza

Maji ya bomba ya mjini yanatoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, mto unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Ni maji ya mto. Adui wa membreni hapo ni matope ya masika na klorini ya kutibia maji, kuliko chumvi. Ukisogea Amboni na Pongwe mambo yanabadilika. Ardhi ya huko ni mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya chokaa hiyo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kipo pale kwa sababu hiyohiyo. Kisima cha huko kinaweza kutoa maji yanayong'aa kwenye glasi huku yamejaa kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoganda juu ya membreni. Visima vya ukanda wa pwani, kwa mfano Sahare au Chongoleani, navyo vinaweza kuvuta chumvi ya bahari, hasa kiangazi kikiwa kirefu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipimo cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kabla hata ya mashine. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa shati, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Kihakikishe kwa maji ya kupimia ya ppm (sehemu kwa milioni) 342, kisha pima maji ya bomba lako asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Chini ya 300 mashine yoyote yenye afya itakufaa. Kati ya 300 na 800 ubora wa membreni unaanza kuonekana mfukoni. Ukivuka 1,500, fikiria kuvuna mvua kwanza. Kila ppm 1,000 za chumvi zinakula karibu psi 10 za presha kabla tone la kwanza halijapita, na rezini itakuwa waja leo waondoka leo.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, na ndiyo inayoamua membreni ipi ununue. Chukua maji ya 600. Membreni inayozuia asilimia 98 inakupa maji ya ppm 12. Inayozuia asilimia 94 inakupa 36. Rezini inayofuata nyuma yake itaisha mara tatu haraka zaidi, miezi yote, mpaka ubadilishe membreni. Membreni za GPD 75 kwa kawaida huzuia vizuri kuliko ndugu zake za 100 na 150 za ukubwa huohuo, kwa sababu mwendo wa haraka umepatikana kwa kulegeza ngozi. Ndiyo maana tunasema 75, hata kama muuzaji anaisifia 150 kwamba "inajaza upesi".

Na upesi huo hauuhitaji. GPD 75 ni takriban lita 284 kwa siku, karibu lita 12 kwa saa, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na presha ya kutosha. Tangi la bahari la lita 200 kwenye joto la Tanga, feni ikipuliza juu yake, linaweza kupoteza lita 3 hadi 5 kwa siku. Ongeza kubadilisha lita 20 kwa wiki kama unachanganya chumvi ya pakiti. Jumla haivuki lita 55 kwa wiki, na hizo zinatoka ndani ya saa tano. Maji ya simtanki la juu ya paa, yaliyopigwa jua hadi nyuzi 30, yanapita kwa wingi zaidi, takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi, ila chumvi inayopenya nayo inaongezeka kidogo.

Presha ndiyo inayoua mashine nyingi hapa

Mita moja ya kimo ni psi 1.4. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu linakupa psi 4 na kidogo. Juu ya ghorofa, mita sita, psi 8 na nusu. Membreni inataka angalau 40, na namba za kwenye lebo zimepimwa kwenye 50 au zaidi. Mtu anaunganisha mashine isiyo na pampu kwenye bomba la simtanki, maji yanatoka kwa matone, TDS iko juu, kisha analaumu membreni. Membreni haina kosa. Presha ikiwa ndogo maji hayapiti, lakini chumvi inaendelea kupenya kwa mwendo wake uleule, kwa hiyo kile kidogo kinachotoka kina chumvi zaidi.

Nyumba inayopata maji ya mtaani moja kwa moja inaweza kuwa na 40 usiku na 15 saa mbili asubuhi. Funga geji ya presha ya psi 0 hadi 100, na mahali pake ni baada ya filta za mwanzo, kabla ya membreni. Ikiwekwa mwanzoni kabisa itakuonyesha presha ya mtaa, haitakuonyesha kwamba filta yako imeziba.

Kwa walio wengi, basi, pampu ya kusukuma ni lazima. Ya kawaida ni ya volti 24 yenye adapta yake. Angalia adapta imeandikwa volti 220 hadi 240. Za volti 110 huingia kwenye mizigo ya mtumba na huungua siku ya kwanza. Pampu huja na swichi mbili na valvu ya umeme. Swichi ya presha kubwa inazima pampu pipa likijaa, swichi ya presha ndogo inazima maji yakikatika ili pampu isizunguke kavu. Hapa kuna mtego: swichi nyingi za presha ndogo zinasubiri presha kubwa kuliko ile ya simtanki la mita tatu. Mashine inakaa kimya, taa inawaka, fundi anafungua pampu nzima kutafuta ubovu. Jaribu kwa kuunganisha nyaya mbili za swichi hiyo kwa muda mfupi. Pampu ikiamka, umeshajua. Tafuta swichi ya kiwango cha chini, au tumia boya la umeme ndani ya simtanki lenyewe, linalozima pampu maji yakishuka.

Uzuri wa valvu ya umeme ni kwamba umeme wa TANESCO ukikatika inajifunga yenyewe. Mashine isiyo nayo inaendelea kumwaga maji kwenye bomba la kutupia giza zima.

Mashine zenyewe

Kifaa kidogo cha kuning'iniza ni kizuri kwa jambo moja: chumba kimoja, tangi moja la lita 60, mpangaji anayehama kila mwaka. Kinafungwa bombani kwa dakika kumi. Lakini hakina pampu, na vikopo vyake vya filta mara nyingi ni vya umbo lake peke yake. Vikiisha, unanunua vya kampuni hiyohiyo au unatupa kifaa. Rezini yake, ikiwapo, hulala kwa ubavu ndani ya mrija mwembamba, na rezini iliyolala inajishindilia upande wa chini. Maji yanapita juu yake kupitia nafasi tupu bila kuigusa. Kwa Tanga tunakipa nafasi ya mwisho.

Zile bapa za GPD 400 na zaidi ni mashine nzuri za kunywa. Kwa samaki, tatizo ni filta zilizounganishwa kwenye katriji moja iliyofungwa kiwandani, na programu inayokuambia "badilisha" kwa kuhesabu siku. Huwezi kubadilisha kaboni peke yake, wala kujua kipi kimechoka. Pita.

Mashine ya akwaria iliyoagizwa nje ndiyo bora ukiitazama yenyewe: vyombo vya inchi 10 vya kawaida, kaboni nzuri iliyoshindiliwa, membreni ya 75, rezini imesimama wima ndani ya chombo kinachoonyesha ndani ili uione rangi yake, na geji tayari. Kasoro zake mbili: nyingi zimetengenezwa kwa nyumba yenye presha ya mtaa ya 50, kwa hiyo pampu inauzwa kando, na usafiri na ushuru vinaweza kukaribia bei ya mashine. Mwenye matumbawe ya thamani atoe hela hiyo. Wengine tunawaelekeza kwenye ya nne, ambayo haipo kwenye rafu: mashine ya kunywa ya hatua tano yenye pampu, iliyobadilishwa.

Sababu ni vipuri. Filta zake ni za inchi 10, zilezile zinazotumiwa na wenye mashine za kunywa majumbani na mahotelini, kwa hiyo zinapatikana mjini au zinaletwa na basi kutoka Kariakoo kesho yake. Membreni ni ya ukubwa wa 1812, ambao unatengenezwa na kila kampuni. Filmtec ya DuPont ndiyo tunayoipendekeza kwa maji ya kisima cha chokaa. Kwa maji ya Mabayani, Vontron ya 75 inatosha na kuokoa hela. Nunua iliyo ndani ya mfuko uliobana, haujatoboka. Membreni iliyowahi kulowa kisha ikakauka dukani usiichukue hata kwa nusu bei.

Kuibadilisha kwa ajili ya samaki

Ondoa tangi la chuma lenye mpira ndani. Linapojaa, linasukuma maji nyuma kuelekea membreni, presha halisi inashuka na TDS inapanda. Maji ya mwisho kuingia tangini ndiyo mabaya zaidi. Badala yake weka pipa la plastiki la chakula lenye mfuniko, na boya la inchi robo juu. Mapipa ya bluu ya mtumba yanauzwa kila kona, lakini uliza yalibeba nini. Harufu ya sabuni au dawa haitoki. Hakikisha valvu ya njia moja ipo kwenye kiungo cha maji safi cha chombo cha membreni. Isipokuwepo, boya likifunga na pampu ikizima, maji yanarudi nyuma na yanaweza kuachanisha gundi ya membreni.

Ondoa kaboni ndogo ya mwisho, inaitwa T33, na katriji ya madini kama ipo. T33 kazi yake ni ladha, na samaki hawana malalamiko juu ya ladha. Chombo cha pili, ambacho huja na kaboni ya chembe, weka filta ya nyuzi ya mikroni 1 badala yake. Cha kwanza kibaki na mikroni 5, cha tatu kaboni iliyoshindiliwa. Mpangilio huo unastahimili masika vizuri zaidi. Filta ya mikroni 5 ikitolewa mwezi wa Aprili utaiona: kahawia nje, kahawia mpaka nusu ya unene wake, na utelezi kama wa jiwe la mtoni. Ikiwa rangi imefika hadi kwenye tundu la katikati, umechelewa.

Kisha rezini. Nunua chombo kimoja kinachoonyesha ndani cha inchi 10 na katriji ya kujaza. Jaza rezini ya mchanganyiko huku ukigonga katriji sakafuni ili ijishindilie, ongeza, gonga tena, mpaka sponji ya juu inasukumwa na kifuniko. Nafasi tupu ndani yake ni njia ya mkato ya maji. Mpira wa kuzibia uelekee juu, maji yaingie chini na kupanda. Rezini ndiyo ngumu kupatikana mjini. Uliza wanaohudumia mitambo ya maji ya chupa na wauzaji wa vifaa vya maabara, na uihifadhi ikiwa imefungwa na ina unyevu wake. Mwenye samaki wa maji baridi anaweza kuruka hatua hii yote: ppm 10 hazimdhuru diskasi. Rezini ni ya matumbawe na kamba.

Kati ya membreni na rezini weka kiungo cha njia tatu chenye koki. Mashine ikikaa usiku kucha, chumvi inapenya polepole mpaka pande mbili za membreni zinakaribiana. Maji ya dakika chache za mwanzo yanaweza kusoma 80 wakati ya kawaida ni 10. Fungua koki, tupa lita moja au mbili, ukiona kipimo kimetulia ndipo uruhusu kuelekea rezini. Jambo hili dogo linarefusha maisha ya rezini kuliko membreni yoyote ya bei mbaya. Ndiyo sababu pia ni bora kutengeneza lita 50 kwa mkupuo mmoja kuliko kuacha boya linywe lita moja moja kutwa.

Mwambie fundi mapema: baada ya membreni, plastiki tupu. Mafundi bomba wetu wanapenda nipeli za shaba, na kwa bomba la jikoni wako sahihi. Maji yasiyo na madini yanakula shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba wote.

Kuwasha, na kinachoharibika

Kaboni mpya ioshwe peke yake kwanza, mrija ukielekezwa ndoo, mpaka maji yaache weusi. Vumbi lake likiingia kwenye membreni halitoki. Membreni inaingia kwa ncha yenye oringi mbili ndogo, mpaka usikie imekaa. Ule mpira mpana ubaki upande wa kifuniko. Ikiwa TDS inayotoka inakaribiana na ile inayoingia, mara nyingi oringi moja imejikunja au membreni haijafika mwisho. Oringi zipakwe silikoni ya vyombo vya chakula. Mafuta ya mgando yanavimbisha baadhi ya mipira. Maji ya saa mbili tatu za mwanzo ya membreni mpya yatupe, yasipite kwenye rezini.

Sasa chukua jagi lenye vipimo na saa. Kusanya maji safi kwa dakika moja, kisha yale ya kutupa kwa dakika moja. Membreni ya 75 yenye presha nzuri inatoa karibu mililita 200. Ya kutupa yawe mara tatu hadi nne, yaani 600 hadi 800. Mashine nyingi za kunywa huja na kipunguza mkondo kilichoandikwa 300CC, ambacho kinatupa mililita 300 tu. Inaonekana ni kuokoa maji. Kwa maji laini ya bomba unaweza kuvumilia, lakini kwa kisima cha Pongwe maji yanayobaki upande wa chumvi yanakuwa mazito karibu mara 1.7, chokaa inaganda, na membreni ya miaka miwili au mitatu inakwisha kwa miezi. Badilisha uweke cha 600 au zaidi. Kamwe usizibe mrija wa kutupia.

Maji hayo ya kutupa si machafu. Ukitupa nne kwa moja, uzito wake wa chumvi umeongezeka kwa robo tu. Yapeleke kwenye pipa la kudekia, kufulia na chooni. Kwa bustani, yanafaa kama maji ya chanzo chako si ya chumvi.

Klorini inaiunguza membreni taratibu, na kaboni ikichoka haikupi ishara. Pima klorini kwenye mrija wa kutupia, kwa matone au vipande vya karatasi vya wenye mabwawa ya kuogelea. Ikionekana pale, imeshapita kaboni na imeshagusa membreni. Badilisha kaboni siku hiyo. Kipimo cha TDS hakioni klorini. Hakioni vizuri silika pia, na ndiyo maana tangi la bahari linaweza kuota utando wa kahawia huku kipimo kinasoma 1. Rezini inayokaribia kuisha inaanza kutema silika na amonia ilizozishika kwa ulegevu, kwa hiyo mwenye matumbawe aibadilishe mara tu inapotoka sifuri kwenda 1 au 2, asingoje 10.

Rezini ikiisha haraka kuliko hesabu, na membreni inasoma vizuri, mshuku hewa ya ukaa kwenye maji ya kisima. Inapita kwenye membreni kama hakuna kitu na kipimo hakiioni. Jaza maji ya kisima kwenye pipa, weka pampu ya hewa yenye jiwe la mapovu kwa saa 24, ndipo uyapeleke kwenye mashine.

Kuyafanya yawe maji ya samaki

Maji ya RO matupu hayana kinga ya pH. Samaki wa maji baridi akiwekwa humo, pH inaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Njia rahisi ni kuchanganya na ya bomba: gawa TDS unayoitaka kwa ile ya bomba. Unataka 100, bomba ni 400, basi robo. Lita 25 za bomba zilizoondolewa klorini na lita 75 za RO, utapata karibu 106. Mwenye maji ya kisima ya chumvi asichanganye. Atumie madini ya pakiti. Seachem Equilibrium, gramu 16 kwa lita 80, inapandisha GH (ugumu wa maji) kama digrii 3. KH (kinga ya pH) inapandishwa na bekingi soda ya kuokea, gramu 3 kwa lita 100 kwa kila digrii moja. Magadi ya kupikia maharage si mbadala. pH yake iko juu mno na huja na uchafu wake.

Kuhusu mvua, maana Tanga inanyesha: inafaa, ikiwa paa ni safi na umeacha ya dakika za mwanzo imwagike. Mabati yaliyochakaa yanatoa zinki na upepo wa bahari unaacha chumvi juu yake, kwa hiyo ipitishe kwenye kaboni na rezini hata kama huipitishi kwenye membreni. Maji ya kiyoyozi yaache kabisa, yamepita kwenye koili za shaba.

Kabla ya kulipa dukani, omba bei ya vipuri vyote kwenye karatasi moja: filta za nyuzi na kaboni za kubadilisha kila miezi sita, za nyuzi mapema zaidi wakati wa masika, membreni, kilo moja ya rezini, oringi na spana ya kufungulia vyombo. Filta badilisha geji ikishuka psi 5 hadi 10 kutoka pale ilipokuwa zikiwa mpya, hata kama miezi haijatimia. Ukisafiri zaidi ya wiki mbili, itoe membreni, ifunge kwenye mfuko safi na maji kidogo ya RO, iweke kwenye friji sehemu isiyogandisha. Ukirudi, tupa maji ya saa nzima kabla ya kuunganisha rezini.